Don Hutson: Swala wa Alabama aliyelipwa kwa hundi mbili

UKISIKIA mtu mmoja kwenye futiboli ya Marekani analipwa zaidi ya dola milioni 40 kwa mwaka kwa kazi ya kukimbia na kudaka mpira, lazima ujiulize mara mbili. Jamaa huyo si mrushaji wala kocha, na wala si mwenye timu. Ni mpokeaji wa pembeni, yule anayesimama karibu kabisa na mstari wa chaki akisubiri mchezo uanze.

Bei za watu hawa zimepanda kwa kasi kiasi kwamba kila mwezi Machi, dirisha la usajili linapofunguliwa kwenye ligi ya NFL, kuna klabu zinauza mastaa wao kwa sababu hesabu zimegoma. Nyingine zinalipa, halafu zinakuja kugundua hakuna mkwanja uliobaki wa kununua mabeki.

Wengi wanadhani balaa hili ni la jana. Sivyo. Lilianza mwaka 1935, kwenye mji mdogo wenye baridi kali, na lilianza na kijana mwembamba aliyeitwa Don Hutson.

Kwa mdau wa soka ambaye mchezo huu haujamkaa vizuri, picha ni hii. Mrushaji ni kama kiungo mchezeshaji, ila pasi zake anazipiga kwa mkono. Mpokeaji ni winga wake. Anatakiwa amtoke beki, afike mpira unapotua na aunase kabla haujagusa chini. Akifika nao kwenye eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, bao lenye thamani ya pointi sita.

MTOTO WA PINE BLUFF

Hutson alizaliwa Januari 31, 1913 huko Pine Bluff, jimbo la Arkansas. Hakuwa mtoto wa kutisha kwa mwili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na inasimuliwa kwamba alipokuwa skauti alipenda kufuga nyoka. Futiboli ya shule aliicheza kwa kuchelewa, na nyota wa mtaa wao alikuwa rafiki yake, wala si yeye.

Chuo Kikuu cha Alabama ndicho kilichomfungulia njia. Pale alicheza futiboli, akacheza besiboli, akakimbia na riadha. Mbio za yadi 100 alizimaliza kwa sekunde 9.7, kasi ambayo kwa zama zile ilikuwa ya kutisha. Wakambatiza jina la Swala wa Alabama.

Januari 1, 1935 Alabama ilikutana na Stanford kwenye mechi ya Rose Bowl kule California. Hutson alidaka pasi sita, akatembea na mpira yadi 165, akaweka tachidauni mbili. Alabama ikashinda 29-13. Upande wa pili wa uwanja, nafasi kama ya kwake, alicheza Paul Bryant, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa makocha wakubwa kuliko wote katika historia ya vyuo vya Marekani. Lakini siku ile macho yote yalikuwa kwa Hutson.

MIKATABA MIWILI, MUHURI MMOJA

Wakati ule NFL haikuwa na utaratibu wa drafti, yaani ule wa timu kupangiwa zamu ya kuchagua vijana kutoka vyuoni. Ilikuwa sokoni kabisa. Mwenye fedha nyingi au maneno matamu ndiye aliyembeba mchezaji.

Timu mbili zikamgombea. Moja ilikuwa Green Bay Packers ya kocha Curly Lambeau, aliyeianzisha timu hiyo mwaka 1919. Nyingine ilikuwa Brooklyn Dodgers, timu ya futiboli ya jiji la New York. Dau likapanda, ahadi zikamwagwa, na mwisho wa siku kijana akasaini kote kuwili.

Kesi ikafika kwa rais wa ligi, Joe Carr. Akaamua kwa njia rahisi: mkataba uliogongwa muhuri wa posta mapema zaidi ndio utakaosimama. Bahasha ya Green Bay ilikuwa imetangulia kwa dakika 17. Dakika 17 tu, na historia ya mchezo mzima ikahamia Wisconsin.

Mwaka uliofuata, Februari 1936, NFL ikafanya drafti ya kwanza. Lengo lilikuwa kukomesha vita vya dau kama hivi, maana wenye timu waliona kwamba wakiendelea kupandishiana bei, tajiri atabeba vijana wote na wengine watafunga virago.

TIMU MAHUTUTI

Sasa shika hapa, maana ndipo penye utamu. Timu iliyomchukua Hutson haikuwa na fedha.

Green Bay ulikuwa mji wa watu wapatao 37,000 tu. Wapinzani wake walitoka Chicago, New York na Detroit, miji ya mamilioni. Marekani yote ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi ulioanza 1929, viwanda vimefungwa, watu wanahesabu senti kabla ya kununua tiketi.

Juu ya hapo kulikuwa na kesi. Mwaka 1931 shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani akaumia, akaishitaki klabu. Mahakama ikaamuru alipwe takriban dola 5,000. Kampuni ya bima iliyotakiwa kubeba mzigo huo ilikuwa imefilisika, hivyo deni likaiangukia klabu, na klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama.

Kilichoiokoa ni mji wenyewe. Wafanyabiashara wa Green Bay walipita na bakuli, na mwaka 1935 wakapata dola 15,000 kwa kuuza hisa. Klabu ikaanza upya. Mwaka huohuo ndipo Hutson alipowasili.

HUNDI MBILI

Lambeau alimpa Hutson dola 300 kwa kila mechi. Leo unaweza kucheka, lakini wakati ule wenzake wengi walikuwa wakipata chini sana ya hapo. Piga hesabu mwenyewe. Kama angelipwa mechi zote 12 za msimu wa 1935, hizo ni dola 3,600, karibu robo ya fedha zote ambazo mji ulichanga kuifufua timu. Zote kwa mtu mmoja, tena kijana ambaye hajadaka hata mpira mmoja wa kulipwa.

Lambeau alijua habari hiyo ikivuja, chumba cha kubadilishia nguo kitawaka moto. Kila mkongwe angekuja mlangoni kwake kudai nyongeza, na nyongeza haikuwepo. Hivyo akabuni ujanja ambao unasimuliwa mpaka leo. Kila mechi Hutson alipewa hundi mbili za dola 150, kila moja ya benki yake. Karani wa benki hii aliona 150, wa benki ile aliona 150, na katika mji ule ambao kila mtu anamjua mwenzake, hakuna aliyejua kijana anakunja 300.

Ujanja huo unaeleza kila kitu kuhusu bajeti ya timu. Tatizo la mshahara mkubwa halikomei kwenye zile fedha anazopewa staa. Linaanza pale wenzake 20 na ushee wanapojipima naye. Lambeau hakuwa na jibu la swali hilo. Alichokuwa nacho ni benki mbili.

MCHEZO UKABADILIKA

Na Hutson alizilipa hizo fedha mapema. Septemba 1935 Packers walicheza na mahasimu wao wa jadi, Chicago Bears. Katika mchezo wa kwanza kabisa wa mechi, mrushaji Arnie Herber aliachia kombora refu, Hutson akamwacha beki, akaunasa mpira na kwenda nao. Tachidauni ya yadi 83. Mechi ikaisha 7-0. Pointi zote za siku ile zilitokana na mchezo huo mmoja.

Lazima uelewe futiboli ilivyokuwa kabla yake. Ulikuwa mchezo wa kubanana na kusukumana, mpira ukibebwa kifuani. Pasi ya juu ilionekana kamari. Lakini mwaka 1933 ligi ililegeza sheria za kurusha, na mwaka 1934 mpira wenyewe ukapunguzwa unene ili ushikike vizuri mkononi. Mlango ulikuwa umefunguliwa, ila wengi walisita kupita.

Hutson akapita. Hakutegemea kasi peke yake. Alikimbia kwa mipango, anaanza taratibu, anabadili mwendo, anajifanya anaingia ndani kisha anakata kwenda nje. Yeye na Lambeau walizichora njia za kukimbia kwa hatua, ili mrushaji aachie mpira kabla hata Hutson hajageuka. Njia hizo ndizo msingi wa kazi ya wapokeaji wote waliofuata.

Mabeki wakachanganyikiwa. Kumkaba kwa mtu mmoja ilikuwa kujitakia aibu, hivyo timu zikaanza kumwekea wawili, nyingine watatu. Hapo ndipo thamani ya mpokeaji ilipozaliwa. Ukitumia watu wawili kwa mmoja, mahali pengine uwanjani kuna mtu wa bure.

Packers wakabeba ubingwa 1936 kwa kuifunga Boston Redskins 21-6, wakabeba tena 1939 kwa kuitandika New York Giants 27-0.

1942, MWAKA WA MAAJABU

Kama kuna msimu wa kumsimulia mjukuu, ni wa 1942. Katika mechi 11 tu, Hutson alidaka pasi 74, akatembea yadi 1,211 na kuweka tachidauni 17. Hakuna aliyewahi kufikisha yadi 1,000 kabla yake. Aliyemfuata kwa idadi ya pasi alikuwa na 27. Yaani alimzidi wa pili wake karibu mara tatu.

Na usisahau, zama zile mchezaji hakupumzika timu ikipoteza mpira. Hutson alibaki uwanjani kama beki wa mwisho, na katika misimu yake sita ya mwisho alinasa pasi 30 za wapinzani. Juu ya hapo alipiga mikwaju ya pointi za nyongeza. Ukimnunua yeye ulikuwa umenunua watatu kwa bei ya mmoja.

Ni kweli vita ya dunia ilikuwa imeanza kuwachota wachezaji kupelekwa jeshini, na wapo wanaosema baadhi ya rekodi zake zilitokana na mabeki dhaifu. Lakini alikuwa tayari mchezaji bora wa ligi mwaka 1941, na 1942 akachukua tena tuzo hiyo.

Pamoja na hayo yote, Packers hawakuwa mabingwa mwaka 1942. Hawakufika hata fainali. Walishinda mechi nane, wakapoteza mbili, wakatoka sare moja. Vipigo vyote viwili vilitoka kwa Chicago Bears, ambao walimaliza mechi zao 11 za msimu bila kupoteza. Bears hawakuwa na mpokeaji wa kumfikia Hutson. Walikuwa na kikosi kilichojaa kila mahali.

CHAMBO CHA DHAHABU

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Desemba 1944 Packers walikuwa fainali dhidi ya Giants kule Polo Grounds, New York. Hutson alikuwa na umri wa miaka 31. Kila mtu uwanjani alijua mpira utaenda kwake.

Haukwenda. Hutson akakimbia upande wake, mabeki wa Giants wakamfuata kama nyuki wanaomfuata malkia, na upande wa pili Ted Fritsch akabaki peke yake. Mrushaji Irv Comp akampa mpira, tachidauni. Packers wakashinda 14-7 na kubeba ubingwa.

Mwaka ambao Hutson alifanya kila kitu, timu ilitoka mikono mitupu. Mwaka ambao alikubali kuwa chambo, kombe likaja. Mpokeaji bora ana thamani hata bila kugusa mpira, lakini lazima awepo Fritsch wa kumalizia na Comp wa kurusha, nao wanataka kulipwa.

ALIPOAGA

Misimu ya mwisho Hutson alikuwa na tabia iliyomtesa Lambeau. Kila msimu ukiisha anatangaza kustaafu, kocha anaanza kumbembeleza, na mazungumzo yanarudi palepale kwenye fedha. Hakuwa mtu wa kuhangaika, maana alishaanza biashara zake. Green Bay alikuwa na ukumbi wa burudani wenye mchezo wa kuangusha pini kwa tufe.

Oktoba 7, 1945, karibu na mwisho kabisa, aliweka rekodi ambayo haijavunjwa. Katika robo ya pili ya mechi dhidi ya Detroit Lions, alifunga pointi 29 peke yake: tachidauni nne na mikwaju mitano ya nyongeza. Packers wakashinda 57-21. Msimu ulipoisha akaondoka moja kwa moja.

Aliondoka na pasi 488, yadi 7,991 na tachidauni 99 za kupokea. Rekodi hiyo ya tachidauni ilidumu miaka 44, mpaka Steve Largent wa Seattle Seahawks alipoipita Desemba 1989.

Baada ya futiboli alifanya biashara ya kuuza magari kule Racine, Wisconsin, na ikamlipa vizuri. Mwaka 1951 Packers waliistaafisha jezi yake namba 14, ya kwanza katika historia ya klabu. Mwaka 1963 akawa kwenye kundi la kwanza kabisa kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa NFL. Mwaka 1994 klabu ikafungua jengo la mazoezi lenye jina lake. Alifariki Juni 26, 1997 huko Rancho Mirage, California, akiwa na miaka 84.

BEI YA LEO

Mwaka 1994, ule wa jengo lake, ndio mwaka NFL ilipoanza kuweka ukomo wa mishahara. Kila timu ilipewa kiwango kimoja ambacho haiwezi kukivuka, na kilianza na dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Kimepanda karibu mara nane, lakini bado ni ukomo. Ukimwongezea mmoja, lazima umpunguzie mwingine.

Wapokeaji ndio waliokimbia zaidi. Mwaka 2024 Justin Jefferson wa Minnesota Vikings alisaini mkataba wenye wastani wa dola milioni 35 kwa mwaka. Mwaka 2025 Ja'Marr Chase wa Cincinnati Bengals akasaini milioni 161 kwa miaka minne, yaani zaidi ya 40 kwa mwaka. Mwenzake Tee Higgins akapata milioni 115 kwa miaka minne, na mrushaji wao Joe Burrow alikuwa na mkataba wa 2023 wa milioni 275 kwa miaka mitano.

Chukua wastani wa mikataba hiyo mitatu ujumlishe. Unapata kama dola milioni 124 kwa mwaka, zaidi ya senti 40 katika kila dola ya ukomo, kwa watu watatu kati ya kikosi cha 53. Njia ya malipo huchezewa kwa hesabu za kusogeza mbele, lakini deni linabaki deni.

Na angalia hili. Mwaka 2024 Chase aliongoza ligi kwa pasi, kwa yadi na kwa tachidauni. Tachidauni zake zilikuwa 17, sawasawa na za Hutson mwaka 1942. Bengals hawakuingia hata hatua ya mtoano.

Kuna waliochagua njia nyingine. Machi 2022 Packers walimuuza Davante Adams kwenda Las Vegas Raiders, ambako alisaini mkataba uliotangazwa kuwa wa milioni 140 kwa miaka mitano. Mwezi huohuo Kansas City Chiefs wakamuuza Tyreek Hill kwenda Miami Dolphins. Chiefs wakabeba ubingwa misimu miwili mfululizo iliyofuata. Packers wakajaza nafasi kwa vijana wa drafti, ambao mishahara yao ya miaka minne ya kwanza imepangwa na utaratibu wa ligi tangu 2011, na Januari 2024 vijana hao waliitandika Dallas Cowboys 48-32 kwao kwenye mtoano.

Usikimbilie kusema wapokeaji hawana thamani. Chiefs walikuwa na Patrick Mahomes wa kurusha, na si kila timu ina mtu kama huyo. Vikings wanaomlipa Jefferson si wajinga. Wanalipia kilekile ambacho Lambeau alilipia: beki wa pili anayelazimika kuacha kazi yake kwenda kumkaba.

Tofauti ni kwamba Lambeau aliweza kuficha. Leo mkataba ukisainiwa asubuhi, mchana kila mchezaji wa ligi anaujua mpaka senti ya mwisho, na wakala wake ameshapiga simu kudai zaidi. Hakuna benki ya pili ya kufichia.

Packers bado ni mali ya mashabiki, timu pekee ya aina hiyo kwenye NFL, ikiwa na wanahisa zaidi ya 500,000. Ni walewale waliopita na bakuli mwaka 1935, wameongezeka tu. Kila Machi viongozi wao wanakaa mezani na swali la Lambeau: tumlipe mmoja anayewavuta mabeki wawili, au tuwalipe wawili wa kuitumia nafasi hiyo? Hutson alikuwa bei rahisi kwa sababu alikuja kabla dunia haijajua kazi yake ni ya shilingi ngapi. Wanaokuja leo wanajua, na wanataka chao.